Nani aamue ombi lirudiwe mara ngapi?

*Barua za wasomaji na majibu ya Mama Fundi*

Mama Fundi, shikamoo. Mimi ni msanidi programu hapa Mwanza. Tuna huduma ya malipo inayotumia gRPC (njia ya programu kuitana kupitia mtandao), na programu saba zinaiita: nne za Go, mbili za Java na moja ya Python. Kila timu imejiwekea muda wake wa kusubiri jibu na idadi yake ya kurudia ombi. Mwezi uliopita hifadhidata ilipunguza mwendo kidogo tu, nasi tukazama, maana programu moja ilikuwa inarudia ombi mara kumi bila kupumzika. Sasa kila tukitaka kubadilisha namba moja tunazibembeleza timu saba zitoe toleo jipya. Hakuna mahali pamoja pa kuandika mambo haya, wote wakayasoma hapo?

Marahaba mwanangu. Mahali papo, ila watu wengi hutumia gRPC miaka na miaka bila kupafungua.

Waliotengeneza gRPC kule Google, wakaitoa kwa umma mwaka 2015, walijua kwamba anayejua huduma inavumilia nini ni yule anayeiendesha. Anayeiita hubahatisha tu. Ndiyo maana wakaweka mipangilio ya huduma: waraka mmoja wa JSON (maandishi yaliyopangwa ili mashine iyasome) anaouandika mwenye huduma, na maktaba ya gRPC iliyo ndani ya kila programu inayoita huufuata yenyewe. Ndani yake unaweza kusema kila metodi isubiriwe muda gani, ombi lililoshindwa lirudiwe mara ngapi na kwa sababu zipi, ujumbe usizidi ukubwa gani, na mzigo ugawanywe vipi kati ya seva.

Anza na muda wa kusubiri, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinapovuja. gRPC haina kikomo cha muda usipokiweka mwenyewe. Programu iliyosahau itasubiri mpaka muunganisho ukatike. Kwenye sehemu ya waraka iitwayo `methodConfig` taja huduma na metodi, kisha andika `timeout` kwa sekunde, kwa mfano "2s". Usiandike "2000ms", itakataliwa. Ukiacha jina la metodi tupu, mpangilio unashika metodi zote za huduma hiyo zisizo na mpangilio wao wenyewe. Na timu zako zisiogope kunyang'anywa uhuru: programu ikiwa na kikomo chake, kinachofuatwa ni kile kifupi kati ya viwili. Anayetaka kusubiri nusu sekunde atasubiri nusu sekunde. Anayetaka dakika nzima ndiye utakayembana, na anastahili.

Kurudia ombi ndiko kunakotaka akili zaidi. Hizo mara kumi hazikutoka kwenye gRPC. `maxAttempts`, yaani idadi ya juu ya majaribio, ikizidi 5 maktaba huihesabu kuwa 5, tena lile ombi la kwanza limo ndani ya hesabu. Kwa hiyo kuna mtu ameandika kitanzi chake mwenyewe cha kurudia ombi juu ya maktaba. Kitafute ukifute kabla hujachapisha chochote, la sivyo vitazidishana: kitanzi cha mara kumi juu ya sera ya mara tatu ni maombi 30 kwa mteja mmoja aliyebonyeza "Lipa" mara moja. Na mfumo wenye ngazi tatu, kila ngazi ikijaribu mara 4, unaishia na majaribio 64 kwenye hifadhidata iliyo chini kabisa, ile ile iliyokuwa imechoka tangu mwanzo. Wateja wakigonga dirisha la duka lililofurika, kugonga zaidi hakumwongezei muuzaji mikono. Chagueni ngazi moja ya kurudia. Mimi huchagua ile iliyo karibu zaidi na kinachoharibika.

Halafu weka breki. Inaitwa `retryThrottling`, na nashangaa jinsi inavyosahaulika, maana mimi nisingechapisha sera ya kurudia bila hiyo. Ina namba mbili. Tuseme `maxTokens` ni 10 na `tokenRatio` ni 0.1. Kila programu inaanza na akiba ya 10 kwa huduma hiyo. Ombi likishindwa kwa sababu mojawapo uliyoiruhusu kurudiwa, akiba inapungua 1. Likifaulu, inaongezeka 0.1. Akiba ikifika nusu au chini yake, kurudia kunasimama mpaka mambo yatengemae. Maana yake ni kwamba makosa matano ya mfululizo yanatosha kuinyamazisha programu. Maombi mapya yanaendelea kwenda. Kinachozimwa ni kule kurudia tu. Kitanzi kikishafutwa, siku hifadhidata yenu itakapochoka tena, mistari hiyo miwili ndiyo itakayowasaidia.

Seva nayo ina sauti. Inaweza kurudisha pamoja na kosa kichwa cha `grpc-retry-pushback-ms` chenye milisekunde ambazo programu isubiri kabla ya kujaribu tena. Namba ikiwa hasi, maana yake ni usirudi.

Kwa kuwa hii ni huduma ya malipo, nakusihi sera moja isitawale metodi zote. Kuuliza salio, rudia bila hofu. Kutoa fedha ni habari nyingine. Kurudia kwa kosa la `UNAVAILABLE` (huduma haipatikani) kunaonekana salama, lakini muunganisho unaweza kukatika baada ya seva kwisha kupokea kazi na kuimaliza, jibu likapotea njiani. Ukirudia hapo, mtu amekatwa mara mbili, na atakayepigiwa simu ni wewe. Kama kila muamala una namba yake ya pekee inayotengenezwa na anayeita, na seva inaitambua namba iliyokwisha kuiona na kurudisha jibu lile lile, basi ruhusu. Kama hakuna, acha metodi hiyo bila sera ya kurudia, na mhasibu atakupenda.

Sasa, waraka ukae wapi? Njia ziko tatu, nami nina upendeleo wangu.

Ya kwanza ni kuufunga waraka ndani ya maktaba yenu ya pamoja. Go ina `WithDefaultServiceConfig`. Python inapokea JSON kupitia chaguo la chaneli `grpc.service_config`. Java ina `defaultServiceConfig`, ila yenyewe inataka Map, si maandishi ya JSON, kwa hiyo yule wa Java ausome waraka kwanza. Hapa bado mnahitaji matoleo mapya, lakini faili ni moja, linapitiwa na macho ya wenzako, na historia yake iko kwenye Git.

Ya pili ni DNS, daftari la majina na anwani za mtandao. Unaweka rekodi ya TXT kwenye jina `_grpc_config.` likifuatiwa na jina la huduma yako. Thamani yake inaanza na `grpc_config=`, kisha orodha ya machaguo. Kila chaguo linaweza kusema ni la lugha gani ya programu, la mashine zipi, au la asilimia ngapi ya programu zinazoita, kisha linabeba mipangilio yenyewe. Programu inachukua chaguo la kwanza linaloifaa. Hiyo asilimia ni kitu kizuri sana: unatoa mabadiliko kwa asilimia 5 kwanza, unakaa unatazama grafu, ndipo unaongeza. Lakini kipande kimoja cha maandishi ya TXT hakizidi baiti 255, kwa hiyo JSON ndefu unaikata vipandevipande vinavyoungwa na msomaji, na kuisahihisha kwa macho ni adhabu. Tena katika C++ na Python usomaji huo umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe, nami nakubaliana na hilo: anayeweza kuchezea DNS yako anaweza kubadili tabia ya kila programu inayokuita. Mimi DNS naipenda kwa anwani. Kuikabidhi sera za malipo, hapana.

Ya tatu ni xDS, itifaki iliyotokana na Envoy, programu ya kupitishia maombi iliyoanzia kampuni ya Lyft, ambapo seva maalumu ya usimamizi inazipelekea programu mipangilio zikiwa zinaendelea kufanya kazi. Ni nzuri, na inataka watu wa kuiendesha usiku na mchana. Kwa programu saba? Anza na ya kwanza, mwanangu. Timu zikizoea kwamba namba zinatoka kwa mwenye huduma, kuhamia njia nyingine hakutakuwa vita.

Bi Mama Fundi, salaam kutoka Mombasa. Sisi tumeshachapisha mipangilio kwenye DNS, TTL ni sekunde 60. Juzi nikapunguza muda wa kusubiri. Saa tatu baadaye baadhi ya programu bado zinatumia namba ya zamani! Niliziwasha upya ndipo zikakubali. Hii DNS inadanganya?

Haidanganyi ndugu yangu, haijaulizwa. TTL inasema jibu lihifadhiwe kwa muda gani, haimlazimishi mtu kuuliza tena. gRPC hutafuta jina wakati wa kuanza, kisha muunganisho unapokatika. HTTP/2, itifaki iliyo chini ya gRPC, inashikilia muunganisho mmoja saa nyingi, hata siku, na mambo yakienda vizuri hakuna sababu ya kuuliza. Ajabu yake ni kwamba programu zenye afya njema ndizo zinazochelewa kupata habari, na zile zenye mtandao mbovu zinakuwa za kwanza.

Dawa iko upande wa seva. Weka umri wa juu wa muunganisho, `MAX_CONNECTION_AGE`, tuseme dakika 10, pamoja na muda wa ziada wa kumalizia maombi yaliyo njiani. Muda ukifika, seva inaaga kwa fremu ya GOAWAY, programu inamaliza ilichoanza, inatafuta jina upya, na hapo inakutana na rekodi yako mpya. Usiuweke sekunde 10 kwa pupa, utakuwa unalipia kupeana mikono kwa TLS (salamu za kufunga mazungumzo kwa siri) mchana kutwa.

Na kabla ya kuchapisha tena, ipitishe JSON yako kwenye jaribio. Waraka mbovu ukifika kwa programu iliyokwisha kupata waraka mzuri, inauacha mbovu na kuendelea na ule wa zamani. Lakini programu inayoamka sasa hivi, isiyo na wa zamani, itakataa maombi yote. Kosa la koma moja linaweza kulala kimya mchana wote, likaibuka usiku podi (nakala za programu zinazoendeshwa na Kubernetes) zinapoanzishwa upya. Jina la metodi lililoandikwa mara mbili nalo linauharibu waraka mzima.

Shangazi, tuna podi sita kwenye Kubernetes lakini moja tu ndiyo inayotoka jasho. Nyingine zimelala. Nimeongeza hadi kumi, bado moja.

Ni `pick_first`, ndiyo kawaida ya gRPC: inapewa anwani, inashika moja inayokubali, inabaki nayo. Na Service ya kawaida ya Kubernetes inatoa anwani moja tu, kwa hiyo hata ukibadili sera hakuna cha kuchagua. Fanya vyote viwili. Ifanye Service isiwe na anwani yake kwa kuandika `clusterIP: None`, ili DNS irudishe anwani za podi zote, na kwenye mipangilio uliyochapisha andika `loadBalancingConfig` yenye `round_robin`, yaani kila podi kwa zamu yake. Anayeita atumie jina linaloanza na `dns:///`. Podi mpya zitaonekana jina likitafutwa upya, kwa hiyo soma na jibu la ndugu wa Mombasa hapo juu.

Meneja wangu anasema kwa kuwa waraka unasomwa na programu zote, tuweke humo na ufunguo wa API.

Hapana. Rekodi ya TXT inasomwa na yeyote anayeweza kuuliza DNS yenu, na maktaba ya gRPC yenyewe haina kazi na ufunguo huo. Mwonyeshe meneja amri ya `dig TXT` ikirudisha waraka wenu wote bila kuuliza nenosiri.