Si chango, mkimbizeni kwa daktari

Pole dada. Mwana wa miezi 7 anayejikunja ghafla akiamka, mikono ikiruka, mara kumi mfululizo, na bibi anasema ni chango! Wangu alianza hivyohivyo. Tulimnywesha dawa za tumbo wiki 3, najuta mpaka leo. Mrekodi kwa simu, uso na mikono vionekane, umpeleke leo kwa daktari wa watoto, uombe kipimo cha umeme wa ubongo, EEG. Kujikunja hivyo kunaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga; ikiwa ndicho, kuchelewa kunaweza kudumaza akili, na tiba huwa dawa ya prednisoloni au vigabatrini. Usijinunulie duka la dawa: prednisoloni hupandisha presha na kufungulia maambukizi. Ameacha kutabasamu? Mwambie daktari hilo kwanza.