Nia ya misa kwa baba ambaye hakuwa Mkatoliki

Pole sana dada. Kama nimekuelewa, mwaka mmoja tangu baba afariki unatimia mwezi ujao, unataka aombewe misa ila yeye alikuwa Mlutheri na wewe jumuiya, kile kikundi cha sala cha waumini wa mtaani, hujahudhuria siku nyingi. Ondoa hofu, kanuni ya 901 ya sheria za Kanisa Katoliki inamruhusu padre kutolea misa mtu yeyote, aliye hai au marehemu.

Wahi ofisi ya parokia wiki hii hii maana Jumapili zinajaa haraka, misa ya asubuhi siku za kazi ndo rahisi kupata. Mwambie katibu jina, nia (yaani misa ni ya kuombea nini) na tarehe, na jina liandike kwa herufi kubwa, wanaosoma nia kanisani nao wanajua kuchapia majina ya watu jamani!

Hela ni sadaka, misa hainunuliwi, kiwango utaambiwa palepale. Kama huna muone paroko mwenyewe, kanuni ya 945 inawahimiza mapadre waombee wahitaji hata bila sadaka. Uliza pia kama nia ya baba itakuwa peke yake au itachanganywa na zingine, wakichanganya lazima uwe umekubali.

Ila mtu akikufuata wasap anajiita padre, anataka utume hela kwa namba yake, usitume, pigia ofisi kwanza.