Unaomba na bado usiku hulali? Nilipita hapo

Dada uliyeuliza, Bwana Yesu asifiwe. Umesema umeokoka, unaomba na kufunga, lakini kila saa nane usiku unaamka moyo unakwenda mbio ukiwaza ada na kodi ya nyumba. Tena kuna mtu kanisani kwenu kakuambia kuwa na wasiwasi ni dhambi. Nimeshindwa kupita kimya.

Mimi nauza viazi mviringo soko la Mabibo. Mwaka 2022 lori lilikwama njiani siku 4, mzigo ukafika umeoza. Nikakopa kausha damu, laki nane, ili nirudishe mtaji. Waliowahi kuichukua wanajua: marejesho kila siku, uuze usiuze, na ukiruka siku moja kesho yake wamekuja kukaa mezani kwako mbele ya wateja. Mume wangu hakujua.

Nilikwenda mikesha. Nikakemea roho ya wasiwasi hadi sauti ikakauka. Narudi nyumbani alfajiri, simu ya mkopeshaji ikiita tu, tumbo linakatika upya. Juu ya deni nikajiongezea hukumu, kwamba ningekuwa na imani nisingeogopa.

Jumamosi moja kwenye jumuiya tukasoma 1 Petro 5. Mstari wa 7 nilikuwa naujua kwa moyo: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Sikuwahi kujiuliza hiyo "huku" imeanzia wapi. Imeanzia mstari wa 6: "Basi nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari." Nyenyekeeni, huku mkimtwika. Petro kayaweka pamoja. Na sisi wa sokoni kutwika tunakujua. Ukimtwika mpagazi gunia unaachia mikono yote miwili. Ukibaki umeshika pembe moja, mzigo unayumba na nyote wawili mnaanguka. Mimi nilishika pembe miezi mitatu, kwa sababu sikutaka mtu aone nimeelemewa.

Tulipofika kwenye maombi, mama mmoja mtu mzima akaniuliza taratibu, "Mwanangu, unadaiwa shilingi ngapi?" Sijui alijuaje. Nikasema: laki sita na arobaini. Ndiyo mara ya kwanza nilitamka hiyo hesabu kwa sauti, na nikagundua hata Mungu sikuwahi kumtajia. Paulo aliandika akiwa kifungoni, "haja zenu na zijulikane na Mungu." Najua Mungu anajua tayari. Ila mimi nilikuwa naomba juu juu, nikizunguka jambo lenyewe kama mtu anayekwepa kidonda.

Jioni ile nikamwambia mume wangu. Alikasirika, na kwa siku mbili hatukuongea vizuri. Siku ya tatu tukaenda pamoja kwa mkopeshaji kuomba tulipe kwa wiki. Alikataa, tukarudi tena, akakubali. Deni liliisha baada ya miezi 7. Hakuna hela iliyodondoka kutoka mbinguni, na nisingependa uisubiri. Lakini usingizi ulirudi deni likiwa bado lipo, na hilo kwangu ndilo jibu la maombi.

Kuhusu dhambi, mimi sikubaliani na huyo mtu. Bwana Yesu mwenyewe Gethsemane alisema, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Aliomba wenzake wakae naye! Na Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale, ndipo safari ya Horebu ikaendelea. Kwa hiyo, dada, kula. Na kama hali hii imevuka wiki kadhaa, au mawazo ya kufa yanakujia, nenda hospitali bila kusubiri. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Dawa na sala havigombani.

Mimi bado naamka baadhi ya usiku. Nakaa kitako, nataja kimoja kimoja kwa jina na kiasi chake: kodi, gunia nililokopesha halijalipwa, kifua cha mtoto. Halafu nashukuru kwa jambo moja la siku ile, hata kama ni mteja mmoja tu. Kuna usiku nalala kabla sijafika cha tatu. Kuna usiku nafika hadi adhana ya alfajiri, na hapo naanza upya kutaja.

Ada unayodaiwa ni shilingi ngapi? Usiiandike hapa. Mtajie Mungu leo usiku, halafu Jumamosi mtajie mama mmoja unayemwamini kwenye jumuiya yenu.