Shangazi, biskuti za mwanangu nimewapa kuku

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata na mume wangu. Tangu Septemba tuko na mama mkwe, katoka Pangani kuja kutibiwa goti. Binti yangu mkubwa ana miaka 14. Ameona kwenye simu biskuti za vuli wanazooka Wazungu, za boga na viungo, na sasa kila Jumamosi jiko si langu tena. Sebuleni kaninginiza majani ya karatasi, mekundu na ya rangi ya chungwa, chini ya feni. Akitaka kupiga picha na biskuti zake anavaa sweta, Shangazi, na joto hili! LUKU inakata kabla wiki haijafika katikati. Mama mkwe akiona boga linakatwa anauliza, "Boga likiwa biskuti, futari mtapika nini?" Mume wangu kazi yake ni kusema "mwache mtoto" huku analamba bakuli. Na biskuti zenyewe haziliki. Za kwanza ziliungana zikawa chapati moja. Za pili zilikuwa vigae. Za tatu zilijaa karafuu hadi baba mtu akasema anajiona yuko kwa daktari wa meno. Mimi nasema "tamu sana mwanangu", kisha usiku natia kwenye kopo nampelekea jirani awape kuku. Jumapili jirani kaja kurudisha kopo, mtoto yupo hapo hapo: "Ahsante mama, zile biskuti kuku wamezipenda kweli, wanataga vizuri." Leo siku ya nne binti hanisemeshi. Nifanyeje haya mambo ya vuli yaishe nyumbani kwangu?*

*Mchovu wa Tabata*

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma ndani ya daladala, nikacheka hadi konda akaniuliza kama nimepitiliza kituo. Nilikuwa nimepitiliza.

Nyumbani nikavaa miwani nikaisoma tena, na safari hii sikucheka sana. Unaniuliza vuli iishe vipi. Vuli haijakukosea kitu. Binti yako kakunyamazia kwa sababu amegundua kuwa kwa wiki kadhaa mama yake amekuwa akimsifia chakula cha kuku. Hilo tutalifikia, wala usidhani nimelisahau. Kwanza nikutoe wasiwasi juu ya huo uzungu, maana naona wewe na mama mkwe wako mmeuogopa bure.

Vuli yetu sisi ni mvua. Inaanza Oktoba inakwenda hadi Desemba: Jangwani panajaa maji, kumbikumbi wanazunguka taa, embe zinaanza kuonekana sokoni. Vuli ya huko kaskazini ni kati ya Septemba na Novemba. Siku zinafupika, majani yanabadilika rangi na kupukutika, maboga yanavunwa. Marekani wanayachonga sura za kutisha kwa ajili ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, na Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu yao ya Shukrani, wanakula pai ya boga. Baridi ndiyo inaingia, kwa hiyo mtu akiwasha oveni anapata biskuti na joto la nyumba kwa pamoja. Ndipo sweta lilipotoka. Kwenu Tabata oveni ikiwaka mnapata biskuti na jasho, na sweta linabaki la picha tu. Mwache alivae, atalivua mwenyewe.

Sasa tazama kilichomo humo. Mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu. Huko Marekani mchanganyiko huo unauzwa kwa jina la boga ingawa ndani ya kichupa hamna boga hata chembe. Umeitwa hivyo kwa sababu ni wa kutilia pai ya boga. Hebu mtajie mama mkwe hivyo viungo bila kusema neno biskuti. Atakwambia hivyo ni vya chai, na atakuuliza iliki umeiweka wapi. Karafuu ni ya Pemba, mdalasini unatoka Unguja na huko huko Muheza kwao mkoani Tanga. Vimeondoka na jahazi, vimerudi na sweta.

Kuna jambo jingine nakuambia wewe tu, kwa mama mkwe usilifikishe: asili ya boga ni bara la Amerika. Kwa hiyo katika ule ubishi wa futari na biskuti, mgeni si biskuti peke yake.

Na majani ya karatasi yana dawa. Tabata haikosi mkungu, ule mti wa kivuli wenye matawi yaliyotandaa kama miavuli iliyopandana. Majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, mekundu kweli kweli, mengine yana rangi ya chungwa pembeni. Mpe binti kikapu akaokote. Vuli yake ataikuta chini ya mti wa jirani, na uwanja wa jirani utakuwa umefagiwa.

Sasa twende jikoni, maana mwanangu, mtoto anayerudia kuoka Jumamosi tatu mfululizo baada ya kutoa chapati, vigae na dawa ya meno si wa kukatazwa, ni wa kufundishwa. Makosa yake yote matatu yana sababu.

Zile zilizoungana ni kwa ajili ya joto letu na maji ya boga. Siagi kwa hali ya Dar inalainika ukiwa bado unatafuta kijiko, na ikiingia kwenye oveni imeshalegea, donge linatandaa kabla unga haujashika. Akishachanganya, aweke donge kwenye friji nusu saa au zaidi. Na trei iliyotoka motoni asiipange biskuti mbichi mpaka ipoe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu mkupuo wa pili. Boga nalo achague lile kavu, la unga, si la maji. Alipike kwa mvuke, aliponde, kisha alikamue. Na wa kulikamua unaye hapo nyumbani, mama wa Pangani, anayejua kushika kifumbu cha nazi. Boga likisokotwa kwenye kifumbu linatoa maji ambayo hukuwa na habari nayo. Kama hamna kifumbu, kipande cha kitenge safi kinatosha.

Vigae vilitokana na kukanda. Nina hakika alikanda kama anavyoona mnakanda chapati. Unga wa ngano ukikandwa sana unashikamana na kuvutika, jambo zuri kwa chapati, balaa kwa biskuti. Achanganye mpaka unga usionekane, aache. Kuhusu karafuu, ya kusaga inapimwa kwa ncha ya kisu. Yeye bila shaka alipima kwa kijiko.

Kipimo ninachotumia mimi ni vikombe viwili vya unga, siagi gramu 120, sukari kikombe kasorobo, kiini cha yai moja bila ute, boga lililokamuliwa nusu kikombe, bekin pauda kijiko kidogo, na chumvi kidogo tu. Mdalasini kijiko kidogo kimoja, tangawizi nusu yake, kungumanga ya kukwaruza robo, karafuu hiyo ncha ya kisu. Moto wa nyuzi 180, dakika 12 hadi 15. Zikitoka zitakuwa laini na utadhani hazijaiva. Asizirudishe! Zinakazika zikipoa. Zihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, maana unyevu wa pwani hauchelewi kuzilegeza.

LUKU sasa. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima haiwezi kula zaidi ya yuniti mbili, kwa hiyo kama yuniti zako zinaisha katikati ya wiki, usimbebeshe mtoto mzigo wote. Angalia na pasi, na hita ya maji kama mnayo. Lakini kumfundisha gharama si vibaya. Asome mita kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, aandike kwenye daftari. Aoke trei mbili kwa mkupuo, saa moja, basi, kila baada ya Jumamosi moja. Jumamosi ya katikati jiko ni lako, na hiyo sheria ni ya nyumba nzima, akiwemo mlamba bakuli. Huyo bwana naye akisema "mwache mtoto", mwambie sawa, na baada ya mtoto kuna sufuria za kuosha.

Na kwa nini oveni kila siku? Mama mkwe wako ameoka vileja na mkate wa kumimina kabla hajajua umeme unafananaje. Mchanga chini ya sufuria kubwa, moto wa mkaa wa wastani, mfuniko, kisha makaa yanapaliwa juu. Muombe amfundishe mjukuu kupalia. Mpe kiti cha kukalia, si mbuzi, goti lile linaumwa. Mtoto asome vipimo kwenye simu, bibi anuse na kuamua. Watagombana, hilo nakuhakikishia, hasa kwenye sukari. Lakini yule bibi anayeuliza futari itapikwa na nini ni mtu aliyekaa nyumba ya mkwewe miezi na hakuna aliyemuomba apike chochote. Na vileja ni nini kama si biskuti? Unga wa mchele, samli, sukari, iliki. Akishawaonyesha vileja vyake, mdomo wake juu ya biskuti za boga utapungua nusu. Nusu nyingine muachie, ni mama mkwe.

Haya, turudi kwenye kopo la kuku.

Nilipokuwa darasa la sita tulifundishwa skonsi katika sayansikimu. Nikarudi nyumbani nikamuokea baba yangu. Alikula moja, akaomba maji. Akala ya pili, akaomba maji tena. Baada ya glasi ya tatu akaniita akaniambia, "Mwanangu, hii inanikwama hapa," akagusa koo. "Kesho punguza unga." Nililia kidogo. Kesho yake nilipunguza unga. Hadi leo mtu akinisifia mapishi naangalia kwanza kama anaomba maji.

Wewe ulitaka kumlinda asiumie, naelewa, karibu kila mama amefanya. Ila mtoto wa miaka 14 alikuwa akiuliza swali la kweli, "Zimekuwaje?", na jibu la kweli akalipata kwa jirani, tena kupitia matumbo ya kuku. Kinachomuuma ni zile "tamu sana" zako, ambazo sasa hajui arudi nazo nyuma mpaka lini. Usishangae akianza kujiuliza na juu ya ile barua ya shule uliyosema umeipenda.

Usimwite chumbani kwa sauti ya kikao. Usimwombe msamaha mbele ya bibi yake wala mbele ya baba yake. Chukua ungo wa mchele, kaa naye barazani mchambue pamoja. Mikono ina kazi, macho yako kwenye mchele, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Atakaa kimya, nawe kaa kimya kidogo. Kisha umwambie, "Nilikudanganya. Biskuti zilikuwa mbaya nikaogopa kukuambia. Nisamehe." Simama hapo. Usiongeze "lakini na wewe sebule umeijaza makaratasi", usimtaje kuku, usicheke hata kama yeye atacheka kwanza. Akikujibu kwa neno moja, pokea hilo moja. Mchele ukiisha na bado hajasema kitu, mwachie ungo, nenda kakoroge chai.

Jumamosi akioka tena, onja mbele yake na umwambie ulichoonja. "Karafuu imekaa sawa, katikati mbichi." Hivyo tu. Na kama zimekuwa nzuri, atajua unasema kweli kwa sababu wiki iliyopita ulisema kweli.

Halafu zile za kwanza zinazolika, binti mwenyewe azipeleke kwa jirani, kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, si kwenye lile kopo. Jirani akiuliza ni za kuku, amjibu za kuku msimu wake umekwisha.