Msimwongezee vidonge kabla kiungo hakijapimwa

Mkuu, hapana. Umesema kifundo cha mkono cha dada yako wa Igombe kimevimba wiki ya saba sasa, hakuanguka wala hakugongwa, muuza dawa kampa vidonge kwenye kibahasha, uvimbe ukapungua, na leo mnataka kumwongezea. Unauliza kama itageuka baridi yabisi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, na kama aache nyama nyekundu. Msimwongezee!

Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kifundo chake cha kulia kilipovimba, wenzake wakasema ni baridi ya alfajiri, na muuza dawa mmoja akampa vidonge vya namna hiyohiyo. Vilifanya kazi, na ubaya wake ndio huo. Mama alirudi kubeba ndoo, nyumbani sote tukamsifu yule mtu. Vikiisha, uvimbe unarudi, anaongezwa vingine. Kumbe ni predinisoloni! Inatuliza uvimbe na kuficha dalili, ugonjwa wenyewe ukiwa haujajulikana. Mkono wa pili ukafuata, kisha vidole. Picha ya eksirei ilipokuja kupigwa, mifupa ya vidole ilikuwa imeshalika, na mfupa uliolika haurudi. Yule muuzaji hakuwahi kuandika jina la dawa wala kumuuliza mama chochote. Nina hasira naye hadi leo.

Angeuliza hivi: asubuhi mkono unakaa mgumu muda gani? Ukichukua saa nzima kulegea, msisingizie kazi ya kupara samaki. Akibanwa kiganja kwa pembeni, pale vidole vinapoanzia, anaumia? Mkono wa pili au vidole vya miguu je? Anachoka bila sababu?

Kiungo kimoja peke yake mara nyingi huwa na jambo jingine: gauti (asidi ya yuriki kujaa kiungoni), kifua kikuu cha kiungo, hata usaha. Predinisoloni ya kubahatisha ikikuta maambukizi inayapa nafasi ya kuenea. Kikiwa cha moto na ana homa, nendeni hospitali leo hii, wavute maji ya kiungo wayapime.

Uvimbe ukipita wiki 6, daktari kwanza, vidonge baadaye. Muulizeni kuhusu vipimo vya damu: RF na anti-CCP vya kusaka baridi yabisi, na ESR ya kuonyesha kama mwilini kuna uvimbe. RF ikiwa hasi msishangilie, mwanzoni huwa hivyo kwa wengi. Ikiwa chanya, huenda imeletwa na maambukizi mengine. Dawa inayozuia mifupa kulika, kama methotreksati, ile inayomezwa mara moja tu kwa wiki, husaidia zaidi ikianza ndani ya miezi 3 ya kwanza. Mama ilimfikia muda huo umeshapita zamani.

Na kama amemeza vile vidonge kwa wiki kadhaa, asiache ghafla mwenyewe; daktari ndiye atakayempunguzia. Abebe kibahasha chenyewe. Akipewa rufaa ya hospitali ya Bugando, aende.

Mpigie kesho akiamka, kabla hajashika kazi, umuulize kama anaweza kukunja ngumi. Jibu lake liandike hapa.