"Flit" kwenye brosha ya Ziwa Nakuru? USICHAPISHE

Futa kwanza hiyo sentensi ya heroe (flamingo) "kuflit" juu ya Ziwa Nakuru, ndiyo tuongee. Umeuliza maana ya "flit" na wakati uliopita unaandikwaje. Lakini hilo neno umelitoa wapi? Kwenye orodha ya visawe ya simu, sivyo? Nilijua.

"Flit" ni kupita upesi kwa wepesi, hapa kidogo pale kidogo, bila kutulia. Chozi, yule ndege mdogo wa maua, kule msitu wa Kakamega: ua hili, tawi lile, kabla hujainua darubini ameshahama. Huyo ndiye ana-flit. Heroe, na ile miguu kama fito, lazima apige mbio juu ya maji ndipo apae! Wageni watacheka.

Na heri wacheke. Mwalimu wetu wa utalii alitukaririsha kwamba msomi harudii neno, kila "go" itafutie kisawe. Basi nikaandikia familia moja ya Scotland ratiba yao: siku ya mwisho "we shall flit from the hotel before dawn". Nikajiona Shakespeare wa Bondeni. Kumbe kwa Waskoti "flit" ni kuhama nyumba, na Waingereza wana "moonlight flit", kule kuhama usiku ili mwenye nyumba asipate kodi yake. Yaani nimewaahidi wageni kwamba tutatoroka bili alfajiri! Baba mtu akauliza, kwa adabu zote, kama hoteli italipwa. Nami, nikidhani namtoa wasiwasi: "Don't worry, we always flit." Safari ikafia hapo. Dipoziti nikarudisha yote, na mwenye gari alikuwa ameshakula yake. Mwalimu je? Bado anafundisha, mshahara unaingia.

Kwa hivyo kisawe cha simu usikiguse kabla hujakisoma ndani ya sentensi za wenyewe, uone nani anafanya na anafanyia wapi. Ungefanya hivyo ungekuta "from flower to flower", "between the branches": vipepeo, popo, tabasamu linalopita usoni mara moja. Mtu akitajwa, mara nyingi ni yule wa leo kazi hii kesho ile, na hapo hasifiwi. Soma sentensi kwanza, bana. Sentensi!

Wakati uliopita ni "flitted", t mbili. Heroe waandikie "fly" tu, hakuna mgeni aliyewahi kudai pesa zake kwa sababu ya "fly".