Kwetu ni wapi

Masasi, Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisomea shambani, nimekalia ndoo, mikono inanuka mabibo. Umeniuliza: "Mama, si aibu kuwachangisha wakulima wa korosho ili nikafundishe hisabati Chiang Mai, Thailand, kwenye shule ya kimataifa yenye watoto wa wageni? Na huo ni umisionari kweli, au ni ajira iliyovalishwa kanzu?" Ningesikitika kama usingeuliza.

Nianze na hilo la pili.

Nilipokwenda Kenya mwaka 1994 ulikuwa na miaka mitatu. Daraja la Mkapa halikuwapo. Tulilala Ndundu siku mbili tukisubiri pantoni ituvushe Rufiji, nami bado nilihisi joto lako mgongoni. Nikafika kwenye ile shule ya bweni, juu milimani, kwenye baridi ambayo huku kwetu hatuijui. Wanafunzi wengi walikuwa watoto wa wamisionari. Wazazi wao walikuwa madaktari, marubani wa ndege ndogo, watafsiri wa Biblia, wametawanyika Zaire, Sudan na Chad. Nilipewa kufundisha Kiswahili, na jioni kulea bweni la wavulana wadogo.

Wiki ya kwanza niliwapa zoezi jepesi kuliko yote: "Jina langu ni... Kwetu ni..." Mvulana mmoja wa miaka kumi na miwili, Mmarekani kwa pasipoti, mzaliwa wa Zaire, aliandika jina lake, mstari wa pili akauacha mtupu. Nikampiga kosa kwa wino mwekundu. Kipindi kilipokwisha akaja mezani, daftari mkononi, akauliza bila ujeuri wowote: "Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?" Nikakosa la kusema. Marekani alikaa miezi tu, tena kwa vipande. Zaire ndiko alikozaliwa, lakini huko walimwita mgeni. Na pale shuleni, kila muhula ukiisha, kitanda chake kilivuliwa shuka. Usiku ule nilikwangua lile kosa kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka.

Vita vilipozuka mashariki mwa Zaire mwaka 1996, yule mvulana na wenzake walikuwa wakikaa nje ya chumba cha redio kila baada ya chakula cha jioni, wakisubiri sauti za wazazi wao. Nami nilikaa nao. Sikuhubiri neno. Nilimenya machungwa nikawagawia, na aliyetaka kulala begani alilala. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Yule daktari anabaki na wagonjwa wake kijijini kwa sababu mtoto wake ana mahali pa kusoma na mtu wa kumtazama usoni. Hisabati utafundisha, tena uifundishe vizuri. Kumfundisha mtoto ovyo kisha ukasali naye ni kumdanganya.

Najua utasema: na mimi je? Uliwafunika shuka watoto wa watu, nami nikalala kwa bibi Newala. Ni kweli, na sina la kujitetea. Niliporudi mwaka 1998 uliniamkia shikamoo kama unavyomwamkia mpita njia, ukajificha nyuma ya bibi. Ndiyo maana sikuwahi kukusimulia haya yote. Kwa hiyo mwenzio na mtoto usiwaache nyuma, hata wakikwambia ni mwaka mmoja tu.

Sasa hiyo aibu. Mwaka wangu wa pili, ofisi iliyokuwa ikinitumia posho ilinyamaza miezi mitano. Shule ilinipa nyumba na chakula siku za masomo. Sabuni, dawa na nauli vilikuwa juu yangu. Nikaona haya, nikanyamaza. Nilipowaandikia hatimaye akina mama wa kanisa hapa, jibu lilikuja limejaa hasira: "Kumbe ulituhesabu sisi ni watu wa kupewa tu?" Padri aliyekuwa anakwenda mkutanoni Nairobi aliniletea barua hiyo pamoja na korosho za kukaanga, na noti zilizofungwa kwenye pindo la khanga kuukuu. Nililia mbele yake.

Tena watu wa hapa hawahitaji kufundishwa maana ya kukosa mahali pa kuita kwao. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Walitoka Unguja na Askofu Steere, wakapita Lindi, wakapanda huku kwa miguu. Safari ilikuwa ya Nyasa. Walipofika chini ya majabali haya hawakutaka kuendelea. Hapa pakawa kwao. Simama mbele ya wajukuu wa watu hao uwasimulie habari ya yule mvulana na mstari wake mtupu. Usianze na bei ya tiketi.

Na usije Februari, vihenge vimekwisha na debe la mahindi halishikiki. Njoo Desemba, minada ya korosho imefanyika na malipo yameingia kwenye akaunti za watu. Wape hesabu yote: nauli, bima, viza, hata vocha ya simu. Ukishafika huko, kila miezi mitatu andika barua ya kusomwa kanisani, na usiandike mazuri tu. Andika na siku uliyolia.

Umesema wenyeji wengi ni Wabudha na kibali chako ni cha ualimu. Basi kiheshimu. Ila toka nje ya uzio wa shule, ujifunze Kithai sokoni. Mimi kila asubuhi nilinunua maziwa kwa mama mmoja Mkikuyu. Ndiye aliyenifundisha salamu za kwao, na nilipougua ndiye aliyenipikia uji. Kuna walimu waliokaa pale miaka kumi bila kulijua jina lake. Kifua chako nacho nakijua: Chiang Mai huwa na moshi mzito kuanzia Februari mpaka Aprili, watu wanapochoma mashamba. Muone daktari kabla hujaondoka.

Padri nimeshamdokeza. Kilo mia za kwanza nitakazopeleka ghalani ni zako, na karani wa chama cha ushirika nimeshamwambia. Niandikie mnashuka lini, nimpange kijana wa bajaji awasubiri stendi, maana mabasi ya Dar siku hizi yanaingia usiku.

Mama yako